Kuishi China na kusafiri sikukuu zao: mwongozo kwa anayefika kwa mara ya kwanza

Mwezi wangu wa kwanza Wuhan nilikula tambi za ufuta asubuhi kumi na moja mfululizo. Tambi zenyewe, reganmian, ni tamu, lakini sababu haikuwa utamu. Mama muuza tambi wa chini ya bweni ndiye pekee aliyekuwa na chenji. Kwingine kote nilitoa noti ya yuan 100, mwenye duka akapekua droo, akakosa, akaninyooshea kidole kwenye karatasi ya msimbo wa kulipia kwa simu (QR) iliyobandikwa ukutani. Kisheria hawaruhusiwi kukataa noti. Chenji ndiyo hawana.

Mengi yaliyonisumbua mwaka ule yangemalizika kabla sijapanda ndege, kwa hiyo naanzia huko.

Hatua ya 1: Jina lako liwe moja tu

Sisi tuna majina matatu, wengine manne, na kila ofisi ya nyumbani huyapanga inavyopenda. Kompyuta za China hazina muda huo. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Jina lilivyopangwa pale ndivyo utakavyoliandika benki, kwenye laini ya simu, kwenye Alipay, programu ya malipo ya simu, na kwenye tiketi za treni. Ukitanguliza jina la ukoo benki na kulimalizia kwenye simu, mfumo unawaona watu wawili, na pesa yako haitaungana na simu yako hata ulie.

Pili, fungua WeChat, programu yao ya meseji na malipo, ukiwa bado nyumbani. Akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo, na kumpata mtu huyo Dar au Mombasa ni rahisi kuliko kumpata uwanja wa ndege usiku. Mfungulie na mama, maana WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye mtandao wa China. Laini ya nyumbani ukiwasha data ya ng'ambo itazifungua, kwa kuwa data hiyo inapitia kampuni ya huko nyumbani, ila bando lake linauma. Itunze kwa dharura na kwa meseji za namba za siri za benki.

China nzima inatumia saa za Beijing, hata kule magharibi kabisa Kashgar, na saa hizo zipo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Ukimpigia mama saa mbili usiku, kwake ni saa tisa alasiri.

Hatua ya 2: Polisi kwanza, usingizi baadaye

Ukifikia hotelini, mapokezi wanakusajili polisi wao wenyewe. Ukifikia kwa rafiki au kwenye chumba cha kupanga, una saa 24 za kwenda kujisajili kituo cha polisi cha mtaa, wanachokiita paichusuo. Beba pasipoti na mkataba wa pango, na ikiwezekana uende na mwenye nyumba au nakala ya kitambulisho chake. Bweni la chuo kwa kawaida lina ofisi inayowashughulikia wageni, lakini usiondoke pale bila kuuliza kama tayari. Kutojisajili kunaweza kukuletea faini ya hadi yuan 2,000.

Karatasi watakayokupa ipige picha na uitunze. Bila hiyo huombi kibali cha ukaazi. Mwanafunzi mwenye viza ya X1 ana siku 30 tangu kuingia za kuomba kibali hicho. Viza yenyewe imeandikwa siku 000 za kukaa, jambo ambalo limewahi kumtoa machozi binti mmoja niliyefika naye, akidhani ameingia nchini kwa makosa. Maana yake ni kwamba siku zako zitaandikwa kwenye kibali. Pasipoti inaweza kukaa uhamiaji hadi siku 15 za kazi, kwa hiyo usikate tiketi yoyote ya safari kipindi hicho. Na usipitilize tarehe ya kibali: faini ni yuan 500 kwa siku, mpaka ifike 10,000. Ukiwa na swali, piga 12367, namba ya uhamiaji inayopokelewa saa zote, kwa Kichina au Kiingereza. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119.

Hatua ya 3: Simu na pesa

Laini inasajiliwa kwa pasipoti na picha ya uso wako palepale dukani. Ukishaipata, unganisha kadi ya Visa au Mastercard kwenye Alipay na WeChat Pay. Kadi za nje zinakubaliwa vizuri tangu 2023. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Ukinunua vitu vya yuan 380, mwombe muuzaji uskani mara mbili, nusu kwa nusu. Wengi wanacheka na kukubali. Aliyezoea Lipa Namba au M-Pesa atashika mchezo siku moja: ama unaskani msimbo wa muuzaji, ama unaonyesha wako naye anakuskani.

Simu ikizima, huna pesa, huna ramani, huna mkalimani, huna nauli ya metro. Tembea na pawabenki, na ikiwa utapanda ndege ya ndani hakikisha ina alama ya 3C, ya usalama wa bidhaa China, kwa sababu tangu Juni 2025 zisizo na alama hiyo haziruhusiwi ndani ya ndege za safari za ndani. Yangu nzuri niliyotoka nayo Kariakoo iliishia kwenye pipa la ukaguzi. Na weka noti za yuan mia mbili tatu, zikiwemo ndogondogo, nyuma ya kava la simu.

Hatua ya 4: Kula bila kubahatisha

Sokoni bei zinaandikwa kwa jin, na jin ni nusu kilo. Mgeni anaona nyanya yuan 4, anafurahi, anapimiwa kilo, analipa 8, anadhani ameibiwa. Hajaibiwa. Halafu kuna vidole. Kuanzia sita kwenda juu wanahesabu kwa mkono mmoja: kidole gumba na cha mwisho vikinyooka ni sita, gumba na cha shahada, kama mtoto anayecheza bastola, ni nane. Muuzaji akikufanyia hivyo sokoni anakutajia bei tu.

Mchicha upo. Majira ya joto, hasa miji ya kati na kusini, uombe kwa jina la xiancai. Kuna wa kijani na kuna wenye wekundu ambao ukiuunga kwa kitunguu saumu hutoa mchuzi wa rangi ya zambarau na kuupaka wali wote. Wenyewe wanakula wali ule uliopakwa rangi kwa raha zao, na watoto wanaugombania. Unga wa mahindi unaitwa yumimian na ni wa njano. Chagua uliosagwa laini. Ugali wake una rangi ya kiini cha yai na harufu si ile ya sembe, lakini unashika na unatonga.

Kwa asiyekula nguruwe, neno la kwanza kujifunza ni hili: rou, nyama, likisemwa peke yake bila kutaja mnyama, kwa kawaida ni nguruwe. Ng'ombe ni niurou, kondoo yangrou, kuku jirou. Sema "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, na uongeze kwamba hata mafuta yake hutaki, kwa sababu mboga za majani hukaangwa humo. Usalama zaidi ni kutafuta maandishi 清真, qingzhen, yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Karibu kila mji una duka la tambi za Lanzhou, na wenyewe wengi ni Waislamu wa kabila la Hui kutoka Qinghai na Gansu. Kijana anapiga donge la unga mezani, anavuta, anakunja, anavuta tena, tambi zinazaliwa mbele yako. Ukitaka nyembamba sema xi, ukitaka pana sema kuan. Nilipotaja kwamba kwetu tunasalimiana "salamalekum", mzee wa duka la karibu na chuo aliacha kunipunjia nyama.

Hatua ya 5: Baridi ya ndani

Hili wengi hawaambiwi. Nyumba zinapashwa joto na mji kaskazini tu mwa mstari wa milima ya Qinling na mto Huai. Beijing mabomba ya joto yanawashwa katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Ukiingia ndani unavua koti. Wuhan, Changsha, Hangzhou hazina mabomba hayo. Nje nyuzi 3, ndani nyuzi 6, na unyevunyevu unaopenya mpaka kwenye godoro. Nunua blanketi la umeme na nguo za ndani za joto mwezi Oktoba. Anayekwenda Harbin kutazama majumba ya barafu mwezi Januari, ambako nyuzi hushuka hadi 20 au 30 chini ya sifuri, huyo hana haja ya kuambiwa.

Hatua ya 6: Soma kalenda kabla ya ramani

Hapa ndipo safari inapofaulu au inapoharibika. China kila mtu anapata likizo siku moja na mwenzake. Wiki ya kuanzia tarehe 1 Oktoba, kumbukumbu ya kuundwa kwa Jamhuri mwaka 1949, na Sikukuu ya Machipuko, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, ndizo mbili kubwa. Mei Mosi inafuata. Mwaka Mpya unafuata mwezi, hivyo unahama: mwaka 2026 ni tarehe 17 Februari, mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari. Safari za watu kurudi kwao, chunyun, zinachukua siku 40, kuanzia siku 15 hivi kabla. Fikiria stendi ya mabasi ya Magufuli, Dar, ya tarehe 23 Desemba, uizidishe kwa nchi nzima, na iendelee kwa siku 40.

Jambo jingine ni kwamba likizo ndefu hufidiwa. Ukiona wiki nzima ya mapumziko, tazama Jumamosi au Jumapili iliyo karibu: huenda ni siku ya kazi na ya masomo. Ratiba rasmi ya mwaka mzima hutangazwa na serikali kabla mwaka haujaanza.

Ushauri wangu, na hapa nabishana na marafiki zangu wote: sikukuu zao usisafiri. Mwanafunzi ana bahati ya likizo ndefu kuliko wafanyakazi. Safiri katikati ya Oktoba, Novemba, Machi, au mwishoni mwa Juni mitihani ikiisha mapema. Tarehe 9 Oktoba hoteli ileile inashusha bei, na pale kwenye Ukuta Mkuu utapiga picha bila kichwa cha mtu mwingine. Kama huna siku nyingine, basi soma hatua inayofuata mara mbili.

Hatua ya 7: Tiketi ya treni

Treni ndiyo usafiri. Tiketi zinauzwa na 12306, ambayo ni jina la programu na tovuti ya shirika la reli, na ina toleo la Kiingereza. Fungua akaunti kwa pasipoti wiki kadhaa kabla, maana uthibitisho wa mgeni huchukua muda; ukikwama, nenda dirishani stesheni na pasipoti mkononi. Mauzo hufunguliwa siku 15 kabla, ukihesabu na siku yenyewe ya safari. Tiketi za tarehe 1 Oktoba zinaanza kuuzwa 17 Septemba, na kila stesheni ina saa yake ya kufungua, kwa hiyo angalia saa ya stesheni unayoondokea. Zikiisha, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, houbu: unalipa, mfumo unakutafutia viti vinavyorudishwa, ukikosa unarudishiwa pesa. Mimi nimepata hivyo mara nyingi kuliko nilivyokosa. Watu hukata tiketi mbili tatu na kuzirudisha dakika za mwisho. Kurudisha siku 8 au zaidi kabla ni bure, baadaye unakatwa asilimia 5, kisha 10, na 20 ikiwa zimebaki chini ya saa 24.

Namba ya treni inakwambia mwendo wake. G ndizo za mwendo wa juu, hadi kilomita 350 kwa saa, D zinafuatia, Z, T na K ni za kawaida, zenye vitanda. Kwa safari ya usiku chukua yingwo, vitanda sita kwenye uchochoro usio na mlango: cha chini xia, cha kati zhong, cha juu shang. Cha chini ni ghali kidogo na kila abiria atakikalia mchana. Cha kati ndicho changu. Ukiona 无座, wuzuo, ujue umenunua tiketi ya kusimama, na hupunguziwi hata senti. Kila behewa lina maji ya moto ya bure. Ndiyo maana kila mtu amebeba kopo la tambi.

Sasa stesheni. Mji mmoja una stesheni kadhaa, na jina la mji peke yake halitoshi. Wuhan zipo tatu kubwa: Wuhan, Hankou na Wuchang. Novemba ya mwaka wa kwanza nilikuwa na tiketi ya kutoka Hankou, na nikasimama Wuchang, begi mgongoni, nimewahi kabisa, nimejisifu. Geti likakataa pasipoti. Dada wa getini akaitazama simu yangu, akaandika kitu kwenye yake, akanigeuzia tafsiri: treni yako ipo ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ni Yangtze. Zilibaki dakika 35. Sikujaribu kukimbia; nilipanga foleni dirishani nikabadilishiwa treni ya jioni ya siku ileile, jambo linaloruhusiwa hata ukiachwa, mradi iwe siku hiyohiyo na kuwe na nafasi. Nilisoma majina ya dira usiku ule: dong mashariki, nan kusini, xi magharibi, bei kaskazini. Guangzhou Nan na Guangzhou ni safari ndefu ya metro kutoka moja hadi nyingine. Xi'an Bei ndiyo ya treni za G.

Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada. Tiketi ikisema 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Namfahamu mtu aliyeisoma saa saba, akaenda kula chakula cha mchana kwanza.

Fika saa nzima kabla. Mizigo inapita kwenye mashine mlangoni. Kisu cha jikoni na kopo kubwa la dawa ya mbu ya kupulizia vitabaki hapo. Tiketi ya karatasi haipo tena, pasipoti ndiyo tiketi. Mageti mengi yanaisoma. Yasiposoma, nenda geti lenye mtumishi. Yanafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, na hawamsubiri mtu.

Hatua ya 8: Pa kulala

Mei 2024 wizara husika zilielekeza kwamba hoteli zisikatae wageni wa nje kwa kisingizio cha kutokuwa na sifa za kuwapokea. Bado nyumba ndogo za wageni hazijui kujaza pasipoti kwenye mfumo wa polisi na zitakwambia zimejaa. Piga simu kabla ya kulipa: "Nimen jiedai waiguoren ma?" Mnapokea wageni kutoka nje? Nimewahi kufukuzwa kwa upole saa nne usiku, chumba kimeshalipiwa. Walinirudishia pesa, lakini usingizi haurudishwi.

Hatua ya 9: Safari ya kujifunzia, siku nne Xi'an

Kwa safari ya kwanza nampeleka kila mgeni Xi'an. Toka Wuhan unakwenda kwa treni ya G. Siku ya kwanza panda ukuta wa mji, karibu kilomita 14 kuzunguka, ukodi baiskeli juu yake. Siku ya pili nenda Lintong kwa askari wa udongo waliogunduliwa na wakulima wakichimba kisima mwaka 1974. Kiingilio ni yuan 120, unakata mtandaoni kwa namba ya pasipoti. Chukua metro namba 9 hadi Huaqingchi, kisha basi. Wanaokuita nje ya stesheni kwa teksi na "ziara maalumu" wapite.

Siku ya tatu usipange kitu. Nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mtaa wa Waislamu, na ndani ya vichochoro vyake Msikiti Mkuu usio na kuba hata moja: nyua zinazofuatana, miti, mapaa ya vigae, na mnara wa ngazi kama pagoda. Ukumbi wa swala ni kwa wanaoswali, watalii wanaishia nje. Ukitoka, ingia mgahawa wowote uliojaa wazee na uagize yangrou paomo. Utaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu. Usiile. Unaimega kwa vidole, vipande vidogo kama punje ya mahindi, dakika ishirini, huku meza nzima inapiga soga. Yule mzee aliyekaa mbele yangu alichungulia bakuli langu, akatikisa kichwa, akalivuta akanimegea upya. Kisha bakuli linarudi jikoni na kuletwa na mchuzi wa kondoo, tambi za choroko na kitunguu saumu cha siki pembeni. Vipande vikubwa havinyonyi mchuzi. Mzee alikuwa sahihi.

Beijing nenda ukishazoea. Kasri la Kifalme linapokea watu 40,000 tu kwa siku, tiketi zinafunguliwa saa mbili usiku siku 7 kabla, na Jumatatu hufungwa isipokuwa sikukuu. Tibet mgeni haingii bila kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala wa utalii, na anatembea na mwongozaji.

Hatua ya 10: Ukibaki mjini, au ukialikwa

Mwaka Mpya ukikukuta bwenini, nunua chakula cha wiki nzima mapema. Muuza tambi, kinyozi, muuza mboga, wote wanaondoka kwao, na mtaa unanyamaza usiouamini.

Ukialikwa nyumbani kwa mwenzako, usikatae. Beba matunda au katoni ya maziwa yenye mkono, zile zilizopangwa mlangoni mwa kila duka msimu huo. Usipeleke saa kama zawadi, kwa maana "kutoa saa" kwa Kichina kunatamkwa sawa na kumzika mtu. Wenyeji watasema "mbona umeleta vitu" na watakataa mara mbili. Ya tatu wanapokea. Kama hunywi pombe au huli nguruwe, mwambie mwenzako siku tatu kabla, asiaibike mama yake mezani. Shangazi zake watataka kugusa nywele zako na kupiga picha. Mimi nilikubali picha, nywele nikakataa, na hakuna aliyenuna.

Ukirudi mjini kwako kutoka safari za ndani, karatasi ya polisi kwa kawaida bado ni ileile. Ukihama nyumba, unajisajili upya ndani ya saa 24. Ukitoka likizo ya nyumbani na kuingia China tena, kuna miji inayotaka ujisajili upya na mingine inayokuacha mradi pasipoti na kibali havijabadilika, kwa hiyo kabla hujafungua begi, pita kituoni uulize.